Beki na Kizimba Chake

Sitaanza na alipozaliwa, kwa sababu sikuwepo, na yeye aliyekuwepo hakuwahi kuligusia. Nitaanza na pale nilipomkuta: ndani ya kizimba cha adhabu cha uwanja wa barafu, magharibi mwa Stockholm, mchana, akila viazi vya kuchemsha na samaki wa baridi kutoka kwenye kopo la aiskrimu. Meno yake manne ya mbele yalikuwa pembeni, juu ya kifuniko. Alinitazama, akayatazama meno, akaona ugeni wangu haujafikia kiwango cha kuvaliwa meno, akaendelea kula.

Ndivyo nilivyojulishwa kwa mtu niliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, na ambaye mwishowe nilimtoa kazini kwa mdomo wangu. Nalisema mapema, kama muuzaji mwaminifu anavyoonyesha tundu la shati kabla mteja hajalipeleka kwenye mwanga. Baadaye nilisumbuka na swali moja tu. Je, anajua ni mimi niliyesema? Na kama anajua, amenipimia adhabu gani?

Uwanjani wengine walimwita Mfini. Mimi nilimwita Beki, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya ujanani: misimu kumi na mmoja ya kulipwa kucheza magongo ya barafuni, sita kwao Ufini na mitano huku Uswidi. Yeye aliniita Tanga, kwa sababu jina langu lilikuwa na silabi nyingi kuliko alizopanga kutumia siku ile. Tuliongea Kiswidi, chake kikichechemea upande mmoja, changu upande mwingine. Tukiwa pamoja tulisikika kama tumenyooka.

Kwa wasomaji wa nyumbani ambao barafu wanaijua kwenye glasi tu: mchezo huu ni wa watu waliovaa visu miguuni, wanaokimbizana na kisahani cha mpira mgumu, mikononi wameshika magongo. Mtu akikosea, refa humtoa akakae kizimbani, chumba kidogo cha mbao na kioo ukingoni mwa uwanja, na timu yake hucheza pungufu. Kosa la uzembe ni dakika mbili, na refa huinua vidole viwili. Kosa zito, la kumwumiza mwenzio, ni dakika tano, na refa huonyesha kiganja kizima. Beki aliniambia kuwa katika maisha yake hakuwahi kubishana na refa. Akionyeshwa mbili, alikaa mbili. Akionyeshwa tano, alikaa tano, hata kama kosa lilikuwa la mwingine.

"Na kwa nini unakula humu?" nilimwuliza wiki yangu ya kwanza. "Chumba cha mapumziko kina meza."

"Miaka kumi na mmoja," akasema, "hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyenigonga. Nimepazoea."

Kisha akasogea kidogo kwenye benchi. Kwa Beki, kusogea vile ilikuwa hotuba ndefu. Nilikaa. Nikala maandazi yangu. Tulitazama barafu mbele yetu kupitia kioo kama watu wawili waliokosa pamoja.

*

Kazi yetu ilikuwa kuitunza hiyo barafu. Mtu wa Tanga kulipwa mshahara ili barafu isiyeyuke, hilo mama yangu aliondoka duniani bila kuliamini. Kila kundi likimaliza kuteleza, mashine yenye ukubwa wa lori dogo huingia, hukwangua juu na kumwaga maji ya moto nyuma yake, na maji yale huganda yakawa kioo. Ndiyo, ya moto. Mimi pia nilibisha.

Kabla ya mashine kuingia, lazima watu wote wawe wametoka. Hapo ndipo nilipopata cheo. Nilisimama langoni nikahesabu walioingia na nikahesabu wanaotoka, kila upande mara mbili. Nimekulia sokoni Ngamiani, mama akiuza vitenge, na alinifundisha kuwa hesabu ya kwanza ni ya macho, ya pili ndiyo ya akili. Beki alipoona nikihesabu wazee kumi na wawili kwa kidole, halafu tena kwa kidole, hakucheka. Akasema, "Hii ni nzuri. Usiache."

Ilikuwa sifa yake ya pekee kwangu kwa miaka kama mitatu.

*

Hakuna binadamu niliyewahi kumwona akichukia baridi kama yule. Mimi nilivaa sweta moja, yeye mbili na fulana ya sufu chini, na kofia aliyoishusha hadi nyusi. Likizo yake yote aliimalizia kwenye visiwa vya joto, akarudi mwekundu kama kamba aliyechemshwa na mwenye huzuni.

"Beki," nilimwambia, "wewe unatoka karibu na mwisho wa dunia. Baridi ni ndugu yako."

"Ndiyo maana namjua."

Mtu akija na hasira ya kugombana, Beki alimwepuka kwa kwenda kufagia stoo. Lakini mwili wake ulikuwa ramani ya vita. Siku moja nilimhesabia meno, yale yake halisi, tukiwa tumekosa la kufanya: ishirini na mawili. Nikarudia: ishirini na mawili. Alikaa amefumbua mdomo kama farasi mnadani, kisha akauliza, "Unaninunua?"

"Kwa goti hilo? Hata bure siwezi kukubeba."

Goti la kushoto lilitabiri theluji vizuri kuliko redio. Mabao aliyofunga katika maisha yake yote yalikuwa tisa, na mojawapo lilimgonga mgongoni akiwa amegeuka. Medali ya fedha aliyoipata mwaka timu yake ilipofika fainali aliitoboa, akaitia kwenye ufunguo wa mashine ili usipotee. "Angalau sasa ina kazi," alisema.

Usemi wake mkubwa, aliourudia kila mara vijana wa timu walipojigamba kwenye korido, ulikuwa huu: "Beki mzuri ni yule ambaye watu wanakwenda nyumbani bila kumkumbuka." Nilidhani ni unyenyekevu. Baadaye niliona alimaanisha hasa. Tukiwa madukani Vällingby Jumamosi moja, mzee mmoja wa Kifini alimsimamisha, akamshika mikono yote miwili, akataja jina lake na mechi fulani, machozi yakamlengalenga. Beki akamjibu kwa utulivu kuwa amemfananisha. Mzee akaomba radhi, akaingia mkahawani. Beki akasimama nje kidogo, akaingia kupitia mlango wa pili, akamlipia yule mzee kahawa na keki kwa muuzaji, akatoka kabla hajaonekana.

"Kwa nini umekana?" nikamwuliza.

"Alikuwa na furaha," akasema. "Ningeongea ningeiharibu."

*

Kwenye bei, Beki alikuwa mgonjwa. Sitanii. Mimi kwangu bei ya kwanza ni salamu. Mtu akiitaja unaipokea kwa adabu, halafu mnaanza kuongea. Yeye akitajiwa, alitoa. Kama hana, aliondoka. Tulikwenda pamoja kwenye mnada wa mitumba, nikaanza kumpunguzisha mama mmoja bei ya koti, nikiwa ndiyo kwanza nimemfikisha kwenye hatua ya kuapa. Beki akavumilia, akavumilia, kisha akatoa pesa yote mfukoni mwake, akamkabidhi yule mama, akanivalisha koti begani.

"Umeniaibisha!" nikamwambia. "Alikuwa anashuka!"

"Nimelipia kimya," akasema.

Hata zamu hakujadili. Nikimwambia, "Nipe Jumamosi hii, nikupe Jumatatu mbili," alijibu, "Chukua." Nikimwambia, "Basi Jumatatu moja," alijibu, "Sawa." Kumpunja mtu asiyebisha hakuna utamu wowote. Mwishowe nilijikuta nikibishana upande wake, nikijikatalia mwenyewe, hadi tukafika bei ya haki. Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa akisema, "Baba Zuhura, umempata Mzungu wa kukuchosha." Na kweli, nilikuwa nikifika nyumbani Husby jioni nimechoka kwa kujipinga.

*

Sasa nifike kwenye lile lililotufunga pamoja.

Mwezi wangu wa pili, nilikuwa naendesha mashine nikiwa peke yangu uwanjani, simu ikaita kutoka nyumbani. Mama alikuwa mgonjwa. Nikasimamisha mashine katikati ya barafu, nikapokea. Nikasahau kufunga maji. Dakika saba nikisikiliza kikohozi cha mama, maji ya moto yakimwagika mahali pamoja. Nilipokata simu, nyuma yangu kulikuwa na shimo ambalo ungeweza kufugia kambare, na mechi ilikuwa inaanza baada ya saa mbili.

Meneja wetu, mama wa Kiswidi mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto na daftari la kijani, akaja akasimama juu ya shimo. "Nani alikuwa kwenye mashine?" akauliza.

Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio.

"Mimi," akasema Beki kutoka langoni.

Meneja akaandika. Beki akachukua ndoo na theluji, akaanza kuziba shimo, na mimi nikamfuata na ndoo yangu. Nilipojaribu kumshukuru, akanikatiza.

"Kipa akikosea, unajua anakaa kizimbani nani?"

"Kipa."

"Hapana. Kipa habanduki golini. Mwenzake humtumikia dakika zake. Nimewatumikia makipa wengi. Wewe ni mgeni hapa, ukibanduka golini huna pa kurudi. Kwa hiyo wewe ni kipa."

"Na mtu akimtaja mwenzake kwa refa?"

Alinitazama kama nimeuliza inakuwaje mtu akila kiti. "Jina la mwenzako halitoki mdomoni," akasema. "Chota theluji."

*

Kichwa chake kilianza kumwacha polepole hivi kwamba nilidhani ni tabia. Aliuliza kitu mara mbili. Mimi ni mtu wa mara mbili, sikushtuka. Alivaa kofia juu ya kofia. Siku nyingine alikaa kizimbani na kopo lake bila kulifungua, akitazama saa ya matokeo iliyozimwa.

Nilimwuliza wakati huo, "Uligongwa kichwani mara ngapi ukicheza?"

"Kwa mujibu wa daktari?"

"Anza na daktari."

"Sita."

"Na kwa mujibu wako?"

Akamimina kahawa, nyingine ikamwagikia mezani. "Wewe ndiye unayehesabu vitu, Tanga. Mimi nilikuwa nimelala."

Nilicheka sana. Nilipofika nyumbani ndipo kicheko kilipokwisha.

Alikuwa amebakiza miaka minne apate pensheni. Hakuwa na mke wala mtoto huku. Alikuwa na kizimba, kopo na ile mashine. Kwenye mashine alikuwa mtu mwingine. Mgongo ulinyooka. Alipinda kona kama anakata kitambaa kwa mkasi, na hakuacha mstari mmoja wa maji nje ya mwingine. Nikajiambia, huyu akishushwa pale, kitakachomwangusha si goti.

Kwa hiyo alipoingia na mashine kabla goli halijaondolewa, akalipondaponda, na meneja akauliza ni nani alikuwa kwenye mashine, nilisema, "Mimi." Beki alisimama kando, akakunja midomo. Mchana ule kizimbani alinisogezea nusu ya samaki wake. Sipendi samaki wa baridi. Nilimla.

Mara ya pili alisahau kufunga maji, akatoboa shimo karibu palepale nilipotoboa langu. "Nani alikuwa kwenye mashine?" "Mimi," nikasema. Meneja akanitazama kwa upole wake ule unaoumiza. "Baada ya miaka kumi na mitatu?" akasema. "Mimi," nikarudia, kama mtu anayeng'ang'ania bei isiyo na maana. Nikapewa barua ya onyo. Mama Zuhura aliisoma, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye droo ya vijiko.

"Mara ya tatu itakuwa ya kukufukuza," akasema.

"Alinitumikia."

"Mara moja. Wewe umemtumikia mara mbili. Na wewe ndiye unayejiita mjuzi wa hesabu."

*

Jumatano asubuhi ni zamu ya wastaafu. Wanakuja na makoti mazuri na viatu vya zamani, wanazunguka taratibu wakiwa wameshikana mikono. Jumatano ile meneja alikuwa mkutanoni. Niliwahesabu wakiingia: kumi na wanne. Nikarudia: kumi na wanne. Muda ulipokwisha nikawahesabu wakitoka: kumi na watatu. Nikasema, umepitiwa, mmoja yuko chooni. Nikaanza hesabu ya pili, na nikiwa kwenye mtu wa tano nikasikia lango la mashine likifunguka. Beki hakuwa amenisubiri. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuingia kabla sijainua mkono.

Wa kumi na nne alikuwa upande wa mbali, mama mwenye kofia nyekundu, amepiga goti moja nyuma ya goli akifunga kamba za kiatu. Mgongo wake ulikuwa kwetu.

Nilipiga kelele. Mashine ina ngurumo, na vioo vinarudisha sauti kwa aliyeitoa. Nikaingia barafuni na viatu vya kawaida, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena, nikaenda nusu ya uwanja kwa magoti nikipunga mikono mbele ya taa zake. Beki alinitazama moja kwa moja. Macho yalikuwa wazi na hakuna aliyekuwa nyumbani. Kisha kitu kikarudi, akakanyaga breki, mashine ikateleza, ikasimama. Kati yake na ile kofia nyekundu pangeweza kulala mtu mmoja. Pengine mfupi.

"Oj," alisema yule mama. Akaomba radhi kwa kuchelewesha kazi.

Beki akaniuliza kutoka juu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tunaongoza ngapi?"

Nilimshusha. Nikaimalizia barafu mwenyewe. Siku nzima hakulitaja jambo lile, wala mimi, na kizimbani alikula viazi vyake vyote kwa hamu.

Ijumaa meneja akaniita. Mama wa kofia nyekundu alikuwa ameandika barua, nzuri sana, ya kumshukuru bwana aliyekimbia barafuni, na kuuliza kama breki za mashine zinaweza kuangaliwa. Meneja akaweka daftari la kijani mezani.

"Nani alikuwa kwenye mashine?"

Swali lilelile, mara ya tatu kwa ajili yake. Nilijua bei zote. Nikisema "mimi," nikamwachia Beki sifa ya kukimbia, nafukuzwa, na Jumatano inayofuata Beki anaingia barafuni huku langoni akiwa mtu mwingine, pengine kijana wa muda anayehesabu akitazama simu. Nikisema "yeye," namtoa kwenye kitu pekee kilichomnyoosha mgongo. Nilitafuta bei ya katikati. Maisha yangu yote nimeipata. Nikaanza kusema kuhusu breki, kuhusu kelele, kuhusu taa, na meneja akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nani?" akauliza tena.

Nikalitaja jina lake. Jina lake kamili, ambalo hapa siliandiki; nilishalitaja mara moja, na yatosha.

*

Yaliyofuata yalikwenda kwa upole na kwa utaratibu, kama mambo ya huku yanavyokwenda. Alipelekwa kwa daktari wa kazini, kisha hospitali ya kule Flemingsberg kwenye vipimo vya kumbukumbu, mara tatu kwa treni. Nilimsindikiza mara zote tatu na mara zote tatu sikusema. Alichora saa waliyomwambia aichore, akaniambia kwenye behewa, "Nimeichora vizuri, lakini haikuwa saa waliyoitaka."

Siku yake ya mwisho aliosha ile mashine. Akanikabidhi ufunguo, na medali ikining'inia juu yake.

"Medali ni yako," nikasema.

"Ni ya ufunguo," akasema. Akafikiri. "Gurudumu la kulia linavuta upande. Ulishike."

Hivyo ndivyo tulivyoagana. Kisha akaenda kula kizimbani, akafunga mlango. Nilisimama nje ya kioo na maandazi yangu. Sikujua kama amesogea kwenye benchi au la, kwa sababu sikuwa na uso wa kutazama. Nilikwenda kula kwenye chumba cha mapumziko, kwenye meza, kama watu.

Nilimpigia simu mwaka ule mara kadhaa. Alijibu "ndiyo" na "hapana," na kila mara nilisema nitapita. Halafu namba ikawa haipatikani. Mtu akitaka kuchelewa, Stockholm humsaidia: kuna giza, kuna theluji, kuna matengenezo ya njia ya buluu ya treni.

*

Mama Zuhura anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na ana kiapo cha siri ambacho hata mimi mumewe sijawahi kukitoboa. Majira ya kuchipua yaliyopita, miaka mitatu tangu siku ile, alikuwa anamenya vitunguu, akasema bila kugeuka, "Jumapili uje unichukue kazini. Saa nane mchana. Zamu yangu inaisha saa tisa."

"Sasa nije saa nane nifanye nini?"

"Oga. Vaa shati safi. Ghorofa ya pili wanakaa Wafini, wana wahudumu wanaojua Kifini, maana ule ugonjwa hula lugha kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza. Mimi sijakwambia kitu."

Binti yetu Zuhura, aliyekuwa mezani na vitabu vyake, akauliza kwa Kiswidi ni nani huyo tunayemzungumza. Nikamjibu kwa Kiswahili. Akasema "jaha," yaani kumbe, akaendelea kusoma. Usiku ule sikulala vizuri. Ugonjwa ule ukinipata mimi, nikabaki na Kiswahili cha Ngamiani peke yake, nani atanielewa nikiomba maji?

Alikuwa dirishani, kwenye kiti cha mikono, na sweta mbili na kofia. Alikuwa amekonda. Meno hayakuwepo. Mhudumu, dada mmoja mchangamfu, aliniambia Kiswidi chake kimebaki maneno machache na leo pengine hakuna hata moja. Akatuletea kahawa na kutuacha. Nilitoa medali mfukoni, niliyoivua kwenye ufunguo asubuhi ile, nikamwekea mezani. Aliigeuza pande zote mbili. Kisha akaweka kikombe chake juu yake, kisije kikaacha alama ya duara kwenye meza.

Nikavuta kiti, nikakaa kando yake, tukitazama mbele kupitia kioo. Nikamwambia kwa Kiswidi kuwa ni mimi. Hakugeuka. Nikarudia. Akasema kitu kwa Kifini, kirefu kuliko nilivyowahi kumsikia akisema kwa lugha yoyote, nami sikupata hata neno.

Basi, kwa kuwa hakuna lugha iliyobaki kati yetu, nikatumia yangu. Nikamweleza kwa Kiswahili, taratibu, kuanzia kumi na wanne na kumi na watatu hadi daftari la kijani. "Beki," nikasema, "nilitaja jina lako. Ulinitumikia mimi, nami nikakutaja kwa refa. Ningeulizwa leo ningekutaja tena, kwa ajili ya yule mama. Lakini nilikaa miaka mitatu bila kuja kukwambia, na hilo halikuwa kwa ajili ya yule mama."

Alinitazama. Sijui aliona nini. Mikono yangu haikuwa na la kufanya, na ndipo nikafanya jambo la kipumbavu. Nikainua mkono wangu mbele yake kama refa, kiganja kizima. Dakika tano. Kosa la kumwumiza mwenzio.

Beki akakitazama kile kiganja. Akakisogeza kikombe kando. Akaushika mkono wangu kwa vidole vyake baridi, vilivyopinda, akakunja kidole gumba changu. Akakunja kidole cha mwisho. Akakunja kile kinachofuata. Akavibana vitatu vile ndani ya ngumi yake na kuviacha viwili vimesimama.

Nilivihesabu. Nikavihesabu tena.

Kisha akauachia mkono wangu, akatulia, macho mbele. Ukutani kulikuwa na saa. Tulikaa dakika mbili, na sikusema neno, kwa sababu mtu akiwa kizimbani haongei. Zilipokwisha, Beki aliunyoosha mkono wa kushoto na kusukuma hewa, pale ambapo mlango ungekuwepo.

Mama Zuhura alikuwa ananisubiri kwenye korido, koti mkononi. Nilimsimulia tukishuka ngazi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, kwa huruma ya mtu anayeijua kazi yake, "Baba Zuhura, usitie maana nyingi. Wengi wao hushikashika vidole vya watu."

"Mama Zuhura," nikamwambia, "mimi nimekulia sokoni. Mtu akikata bei, namjua."

Tulitembea hadi kituoni polepole, sote tumechoka, yeye na miguu yake na mimi na yangu. Miaka kumi na minne sikuwahi kumwona yule mtu akipunguza kitu, na siku ile alitoka tano akaenda mbili kwa mkupuo. Muuzaji hashuki hivyo ila kwa moja ya mambo mawili: amechoka sana, au anakupenda. Kwamba amechoka nililiona kwa macho, nikalihesabu mara mbili. Lile la pili nimelihesabu mara moja tu, na sitaki kurudia.